Mapitio ya iDRAC9: kusasisha firmwea ya seva za Dell bila kuzizima ovyo

Seva moja ya PowerEdge, aina ya seva za Dell, ina firmwea (programu iliyo ndani ya kifaa chenyewe) sehemu nyingi: BIOS inayoiwasha seva, iDRAC (kompyuta ndogo ndani ya seva ya kuisimamia kwa mbali), kadi ya RAID inayounganisha diski, kadi za mtandao, ubao wa diski, diski moja moja, pawa saplai, na chipu ya CPLD inayosimamia umeme wa ubao mama. Kila kifaa kina toleo lake, na kila toleo hutoka kwa wakati wake. Ukisasisha kila kitu siku kinapotoka, watumiaji watakuchoka kwa kukatiwa huduma. Usiposasisha kabisa, siku moja hitilafu iliyokwisha kurekebishwa zamani itakuangushia mfumo. Kinachotakiwa ni zana inayokuwezesha kukusanya masasisho yote na kuyapitisha seva inapozimwa mara moja, kwa saa uliyoichagua wewe. Kwa kipimo hicho iDRAC9 ni kifaa kizuri sana. Ina kasoro zake pia, na nyingine zinaweza kukuzimia seva saa sita mchana kama huzijui.

iDRAC9 ilikuja na kizazi cha 14 cha PowerEdge mwaka 2017 (R640, R740 na ndugu zao), ikaendelea kwenye kizazi cha 15 (R650, R750) na cha 16 (R660, R760). Yanayosemwa hapa yanahusu hizo. Kizazi cha 17 kinatumia iDRAC10.

Uzuri wake mkuu ni kwamba kupakia faili na kusakinisha ni hatua mbili zilizotengana. Unaituma firmwea kwenye iDRAC wakati seva inaendelea na kazi, iDRAC inakagua saini ya faili, inaihifadhi, kisha inaiweka kwenye foleni ikisubiri. Mfumo wa uendeshaji haujui kinachoendelea, wala hauhitaji programu yoyote ya ziada ndani yake. Seva itakapowashwa upya, Lifecycle Controller (LC), sehemu ya iDRAC inayosakinisha firmwea, inaishika kabla Linux au Windows haijaanza, inasakinisha kila kilichomo kwenye foleni, kisha inaiachia iendelee. Ukiwa na BIOS, kadi ya RAID na kadi mbili za mtandao kwenye foleni moja, zote zinapita kwa mkupuo. Ndani ya muda huo seva itajizima na kujiwasha yenyewe zaidi ya mara moja, hasa BIOS ikiwemo, lakini kwa mtumiaji ni kukatika kwa huduma mara moja tu.

Kabla ya kupanga chochote, gawa masasisho mafungu matatu. La kwanza halihitaji kuzima seva: iDRAC yenyewe, pamoja na furushi la draiva na programu ya uchunguzi wa vifaa. Firmwea ya iDRAC ikisakinishwa, iDRAC inajiwasha upya peke yake kwa dakika chache na seva inaendelea kama kawaida. Feni zinaweza kupandisha sauti, skrini ya mbali inakatika, na mfumo wako wa ufuatiliaji utapiga kelele kwamba iDRAC haipatikani, kwa hiyo zima tahadhari hizo mapema. Fungu la pili linahitaji seva iwashwe upya: BIOS, kadi za RAID, kadi za mtandao, na diski nyingi. Fungu la tatu linataka zaidi ya hapo: CPLD na pawa saplai. Hizi mbili zitarudiwa chini kwa sababu ndizo zinazowaponza watu.

Utaratibu unaofaa ni huu. Anza na iDRAC peke yake, siku chache kabla ya muda wa matengenezo, mchana kweupe, kwa sababu haikatizi huduma. Lifecycle Controller ndiyo itakayosakinisha mengine yote, na kwenye iDRAC9 inasasishwa pamoja na iDRAC. Matoleo ya zamani yana matatizo ya foleni na ya kukagua saini za faili mpya ambayo matoleo ya baadaye yameyaondoa. Kama iDRAC imeachwa nyuma kwa miaka, soma maelezo ya toleo uone kama unatakiwa kupitia toleo la katikati. Usiruke moja kwa moja hadi la mwisho kwa kubahatisha. Ikisharudi, thibitisha iko tayari kwa racadm, zana ya amri ya iDRAC:

racadm getremoteservicesstatus

Jibu linalotakiwa ni kwamba LC iko "Ready". Likija vinginevyo, usitume kitu. Utapata kazi zinazokwama.

Pili, pata ripoti bila kusakinisha. Hapa racadm inafanya kazi nzuri kuliko ukurasa wa kivinjari:

racadm update -f Catalog.xml -e 10.0.0.5/firmwea -t HTTP -a FALSE --verifycatalog
racadm update viewreport

Ripoti inaonyesha kila kifaa, toleo lililopo, toleo lililopo kwenye katalogi (orodha ya faili za firmwea na matoleo yake), na uzito wa sasisho: la dharura, linalopendekezwa, au la hiari. Pia inakuambia kama sasisho linahitaji seva iwashwe upya. Ripoti hii ndiyo mpango wako. Iweke mezani, ondoa yasiyokuhusu, kisha upime kama yaliyobaki yanastahili kuikatiza huduma sasa au yasubiri robo mwaka ijayo.

Anwani hiyo ya 10.0.0.5 ni hifadhi ya ndani, iliyotengenezwa kwa Dell Repository Manager, programu ya bure. Unaichagulia aina za seva ulizo nazo tu, inashusha faili zake na kutengeneza katalogi. Kuna sababu mbili za kufanya hivyo badala ya kuelekeza kila seva kwenye tovuti ya Dell. Seva ishirini za aina moja zitashusha faili ileile mara ishirini, na palipo na intaneti ya kupimwa hilo ni gharama na ni kusubiri. Sababu ya pili ni nzito zaidi: katalogi ya Dell inabadilika. Seva uliyoisasisha Jumatatu na ile ya Alhamisi zinaweza kuishia na matoleo tofauti. Katalogi yako ya ndani imeganda siku uliyoitengeneza, na klasta nzima, yaani seva zako zinazofanya kazi pamoja, inaishia mahali pamoja.

Tatu, pakia kwenye foleni. Kwa faili moja moja inatosha `racadm update -f` na jina la faili, bila kuongeza `--reboot`. Chukua faili ya EXE ya Windows ya biti 64 hata kama seva ni ya Linux. iDRAC inasoma hiyo, wakati ile ya BIN ni ya kuendeshwa ndani ya Linux. Kwa katalogi nzima rudia amri ya juu bila `--verifycatalog`, na hakikisha `-a FALSE` ipo. Ukiandika `-a TRUE` umeiruhusu seva ijiwashe upya yenyewe pale inapotakiwa, na haitakuuliza tena. Kisha angalia:

racadm jobqueue view

Kila kazi ina namba inayoanza na JID. Zote zikionyesha kwamba zimepangwa, uko tayari.

Sasa mtego wa kwanza mkubwa. Kazi zilizopangwa zinasubiri kuwashwa upya *kokote*, hata kule ambako hukukupanga. Ukizipakia leo kwa ajili ya matengenezo ya mwisho wa mwezi, na katikati umeme ukakatika au kernel (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ikaanguka, seva haitarudi kwa dakika zake za kawaida. Itakaa kwenye skrini ya Lifecycle Controller ikisakinisha BIOS, watu wamesimama nyuma yako, na ukiikata umeme hapo kwa papara unaweza kuua ubao mama. Pakia siku ileile ya matengenezo, au jioni yake. Na ratiba ikiahirishwa, futa kazi kwa `racadm jobqueue delete -i` na namba yake; usiziache zining'inie.

Mtego wa pili ni kinyume cha huo: seva imewashwa upya na hakuna kilichosakinishwa. ESXi, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, tangu toleo la 6.7 ina Quick Boot, ambayo inaanzisha upya ESXi bila kuipitisha seva kwenye hatua za mwanzo za vifaa. Linux nayo ina kexec inayofanya vivyo hivyo. Zote ni nzuri kwa kuokoa dakika, kwa kuwa PowerEdge yenye RAM nyingi hutumia dakika kadhaa kujikagua kabla ya kufikia diski. Lakini foleni ya iDRAC inashughulikiwa katika hatua hizohizo zilizorukwa. Siku ya firmwea, zima Quick Boot na utumie kuwasha upya kwa kawaida. Kwa sababu hiyohiyo, usisasishe kernel leo na firmwea kesho kutwa. Kwenye RHEL (Linux ya Red Hat) amri ya `needs-restarting -r` inakuambia kama mfumo tayari unasubiri kuwashwa upya. Ukijibiwa ndiyo, hiyo ndiyo nafasi ya kupenyeza firmwea bila gharama ya ziada. Wale wanaotumia viraka vya kernel vya moja kwa moja wajue kwamba viraka hivyo havigusi BIOS wala kadi ya RAID.

Foleni yenyewe ndiyo sehemu dhaifu ya bidhaa hii. Kazi moja ikikwama, zinazofuata nazo zinakwama au zinakataliwa, na ujumbe unaotolewa mara nyingi hausemi chanzo. Ukipata ujumbe wa RED007, iDRAC imeshindwa kuthibitisha saini ya faili: aidha faili imeharibika njiani, au iDRAC ni ya zamani mno kuitambua saini hiyo, ambapo dawa ni kuisasisha iDRAC kwanza. Kazi zikigoma kufutika, kuna amri ya mwisho:

racadm jobqueue delete -i JID_CLEARALL_FORCE

Inasafisha foleni yote kwa nguvu na kuanzisha upya huduma zake, kwa hiyo subiri hali irudi "Ready" kabla ya kutuma kitu kingine. Isiporudi, `racadm racreset` inaiwasha upya iDRAC bila kugusa seva. Kifaa cha bei hii kilistahili foleni inayojiponya yenyewe bila msimamizi kukariri amri kama hizo.

Turudi kwenye fungu la tatu. Firmwea ya pawa saplai inasakinishwa seva ikiwa imezimwa, na inachukua dakika nyingi kuliko kifaa kingine chochote, kwa kuwa kila pawa saplai inashughulikiwa kwa zamu. Anayeona skrini nyeusi akadhani seva imekufa, akachomoa waya, atakuwa amezifanya pawa saplai mbili kuwa vyuma chakavu. Pale ambapo umeme haueleweki, hakikisha UPS ina chaji ya kutosha na genereta imejaribiwa siku hiyo. Ni busara kuiacha pawa saplai nje ya mkupuo wa kawaida na kuigusa pale tu maelezo ya toleo yanapotaja tatizo linalokuhusu.

CPLD ni ngumu kwa namna nyingine: haina kurudi nyuma. iDRAC inatunza toleo lililotangulia la BIOS, kadi za mtandao, RAID na pawa saplai, na `racadm rollback` inalirudisha, ingawa nayo inataka seva iwashwe upya. Kwa CPLD, furushi la draiva na programu ya uchunguzi, hakuna kurudi. Baadhi ya masasisho pia hayakamiliki mpaka umeme ukatwe kabisa, yaani waya zichomolewe. Hapa iDRAC9 ina kitu cha kusifiwa waziwazi, kinachomwokoa mtu mwenye seva Mwanza naye yuko Dar es Salaam:

racadm set BIOS.MiscSettings.PowerCycleRequest FullPowerCycle
racadm jobqueue create BIOS.Setup.1-1

Mpangilio huu ukishasakinishwa, seva ikizimwa inakata umeme wake wote, pamoja na wa iDRAC, kana kwamba mtu amechomoa waya na kurudisha. Huhitaji kumtuma mtu kwa basi. Utapoteza mawasiliano na iDRAC kwa muda, na hilo ni la kawaida.

Diski nazo zinataka akili. Usisasishe firmwea ya kadi ya RAID wala ya diski wakati kuna diski inayojengwa upya au ukaguzi wa uwiano unaendelea. Subiri ukamilike, na hakikisha kila kundi la RAID liko kamili. Lakini pia usiahirishe milele. Mwaka 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data isingeweza kurejeshwa. Mwaka 2020 likatangazwa kundi jingine la kufa saa 40,000. Diski zilizonunuliwa pamoja na kuwashwa siku moja hufikisha saa hizo pamoja, na hapo RAID haina la kukusaidia. Dawa ilikuwa sasisho la firmwea, basi. Mfano ni wa mtengenezaji mwingine, ila somo la upangaji ni lilelile: sasisho la dharura la diski halingoji robo mwaka.

Jambo linalosahaulika hata na mafundi wazoefu ni usimbaji wa diski. Sasisho la BIOS linabadilisha vipimo ambavyo TPM (chipu ya usalama) inavitumia kufungua diski. Windows yenye BitLocker, usimbaji wake wa diski, itaamka ikidai ufunguo wa dharura, saa nane usiku, kwenye skrini ya mbali. Sitisha kabla:

Suspend-BitLocker -MountPoint "C:" -RebootCount 0

Kisha uirudishe kwa mkono kazi ikiisha. Ukiweka 1, seva inayojiwasha mara mbili ndani ya mkupuo inaweza kuimaliza hesabu kabla hujafika mwisho. Kwenye Linux, anayefungua LUKS (usimbaji wa diski wa Linux) kwa TPM iliyofungwa kwa PCR 0 (kipimo cha firmwea ya BIOS) atakumbana na kitu kilekile, kwa hiyo awe na nenosiri la akiba mkononi.

Kwa klasta, iDRAC peke yake haitoshi, kwa sababu haijui kilicho juu yake. Lazima kazi ihamishwe kwanza: `kubectl drain` kwa Kubernetes, hali ya matengenezo kwa vSphere au Proxmox, na `ceph osd set noout` kwa Ceph, mfumo wa hifadhi ya pamoja, ili isianze kunakili data yote kwa sababu tu seva moja imezimwa dakika ishirini. Baadaye `ceph osd unset noout`; wapo wanaosahau. Ansible, zana ya kuendesha kazi kwenye seva nyingi, inaunganisha vizuri: mkusanyiko wa dellemc.openmanage una moduli ya idrac_firmware yenye `apply_update: false` kwa ripoti na `reboot: false` kwa kupakia tu, na ukiweka `serial: 1` seva zinapita moja moja. Ukitaka kuepuka racadm, Redfish, kiolesura cha wavuti cha kusimamia seva, inatoa njia ileile kwa SimpleUpdate yenye `@Redfish.OperationApplyTime` iliyowekwa `OnReset`.

OpenManage Enterprise, programu ya Dell inayoshushwa bure kama mashine pepe, inafaa ukiwa na seva nyingi na hupendi kuandika amri. Unaunda kigezo kutoka katalogi, inakuonyesha seva zilizobaki nyuma, nawe unachagua zisasishwe papo hapo au zisubiri kuwashwa upya kunakofuata. Kwa seva tatu au nne ni mzigo usio na sababu. DSU (Dell System Update) inaendeshwa ndani ya mfumo wa uendeshaji, na `dsu --preview` inatoa orodha haraka. Inafaa kwa seva moja pale ambapo mtandao wa iDRAC haufikiki. Kwa klasta inakulazimu kuisakinisha na kuitunza kila mahali, kazi ambayo iDRAC tayari imekuondolea.

Kuhusu leseni: kupakia faili kwa mkono kunawezekana bila kulipia leseni ya Enterprise, lakini masasisho ya kujiendesha yenyewe na skrini ya mbali yanataka Enterprise. Skrini ya mbali ndiyo ya kulipia. BIOS ikigoma usiku, bila skrini unabahatisha. Masasisho ya kujiendesha yaache yamezimwa hata kama umeyalipia. Hayajui kwamba kesho ni siku ya mishahara.

Ukilinganisha na HPE, iLO 5, kidhibiti cha mbali cha seva zake, nayo ina hifadhi ya ndani na foleni inayosakinisha seva inapowashwa upya, na kiufundi haiko nyuma. Tofauti kubwa iko kwenye upatikanaji. Tangu 2014 HPE inataka dhamana au mkataba wa huduma ulio hai ndipo ushushe SPP, mkusanyiko wao wa firmwea. Dell inaacha faili zake wazi kwa yeyote. Kwa anayenunua seva zilizotumika, na soko la namna hiyo lipo kubwa Nairobi na Dar es Salaam, tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua aina ya kununua. Seva ya mtumba isiyoweza kupata BIOS mpya ni rahisi siku ya kununua tu.

Mwenye seva moja isiyo na mwenzake wa kumpokea kazi, iDRAC9 haitamwondolea kukatika kwa huduma. Itampunguzia mpaka mara moja au mbili kwa mwaka, na kumpa uwezo wa kuchagua saa. Mwenye seva tatu au zaidi zinazobadilishana mizigo anaweza kusasisha kila kitu mtumiaji asijue, mradi abaki na nafasi ya kubeba kazi za seva moja iliyo chini. Aanze na seva isiyo na kazi nzito, aiache wiki moja akisoma `racadm lclog view` na makosa ya kadi za mtandao upande wa mfumo wa uendeshaji, na alinganishe toleo la firmwea ya kadi na draiva yake dhidi ya orodha ya ESXi au ya Linux anayotumia. Firmwea mpya juu ya draiva ya zamani ndiyo chanzo cha kadi nyingi zinazokatika kila baada ya saa chache, na mpaka umepata chanzo utakuwa umeiwasha seva upya mara nyingi kuliko zote ulizokuwa unakwepa.